Ziara ya Oman: mjumbe kapata kiti, daktari wa timu kaachwa Unguja

Assalaam alaykum wadau wa soka la Zanzibar.

Nina hasira na sitaificha. Kombaini yetu ya vijana wa Unguja na Pemba imerudi kutoka Oman, na mpaka naandika haya hakuna kiongozi aliyewaita wazazi akawaeleza yaliyotokea huko. Mimi nafundisha timu ya mtaani hapa Wete, Pemba. Vijana wangu wawili walichaguliwa. Mmoja amerudi na mguu umevimba hata ndala haiingii. Simtaji jina, bado mdogo. Na waandaaji pia siwataji. Wanajijua, na wazazi wanawajua.

Nianze na daktari, maana hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Daktari wa timu alikuwa na vijana kambini tangu mwanzo. Aliwapima, akajua nani ana pumu, nani goti lake linasumbua, nani hali asubuhi kisha anaishiwa nguvu mazoezini. Orodha ya safari ilipotoka, jina lake halimo. Nafasi yake imechukuliwa na mtu aliyeandikwa "mjumbe". Mjumbe wa nini? Waliouliza wakaambiwa mambo ya msafara yana wenyewe. Basi ndege ikaondoka na mkuu wa msafara, msaidizi wake, mratibu na huyo mjumbe, na katika wote hao hakuna hata mmoja anayejua kufunga bendeji. Mnawapeleka watoto wa watu kwenye joto la Muscat, kwenye viwanja vya nyasi bandia ambavyo wengi wao hawajavizoea, halafu mnamuacha daktari nyumbani ili mtu akapige picha!

Mechi ya pili, kipindi cha kwanza, kijana wangu alikuwa anarudi kukaba. Njumu ikashika kwenye nyasi, mwili ukageuka, kifundo kikabaki. Kocha msaidizi ndiye aliyeingia na chupa ya maji. Walimtoa kwa kumshika mabega, akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye benchi, na pale benchi hapakuwa na barafu, hapakuwa na dawa ya kupulizia, hapakuwa na kitu. Mguu ukafungwa kwa kizibao cha mazoezi, kile cha rangi ya machungwa, kimekazwa fundo. Akakaa hivyo mpaka mechi ikamalizika, kisha akapanda basi kwa miguu yake. Usiku alinitumia sauti kwenye simu. "Mwalimu, mguu unapwita, silali." Aliyemletea barafu ni mama mmoja wa Kipemba anayeishi huko, kaitia kwenye mfuko wa plastiki kutoka friji ya nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyemwekea mto chini ya mguu. Mtu wa nje ya msafara ndiye aliyefanya kazi ya msafara.

Mama huyo huyo akawaambia wakubwa kijana apelekwe hospitali. Akajibiwa hakuna bima ya safari, matibabu ya huko ni ghali, avumilie atatibiwa Zanzibar. Kwa hiyo mkijua hamna daktari, mlijua pia hamna bima, na bado mkaondoka? Kijana katembea na mguu ule mpaka siku ya kurudi, uwanja wa ndege kabeba begi lake mwenyewe. Tulipomfikisha kwa daktari hapa kisiwani tukaambiwa kano zimeumia, na kwamba kukanyaga mguu siku zote zile ndiko kulikozidisha. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na timu anajua mguu ukipinda hivyo siku mbili za mwanzo ni kupumzishwa, kuwekewa barafu, kufungwa vizuri na kuinuliwa juu. Hilo halitaki bajeti. Linataka mtu mmoja mwenye mkoba.

Sasa niseme la pesa. Pasi ya kusafiria ni Sh150,000. Wazazi waliambiwa watoe wao kwanza kisha watarudishiwa, kwa sababu "fungu bado halijatoka". Kuna mama hapa Wete alitoa pesa aliyoipata kwa kuchuma karafuu, ile ile aliyokuwa ameiweka ya sare na madaftari ya skuli ya wadogo zake kijana. Nauli ya boti kutoka bandari ya Mkoani, Pemba, hadi Unguja ikawa juu yao vilevile. Vijana wa Pemba wakafika bandari ya Malindi, Unguja, hakuna aliyewapokea, wakaulizana njia mpaka kwenye dahalia walikopangiwa kulala, na humo wakakuta vitanda havitoshi. Wenzao wa Unguja walikuwa wanalala makwao. Safari ikasogezwa, ikasogezwa tena, kila mara kwa ujumbe wa simu usiku, na kila inaposogezwa mtoto wa Pemba anaongeza siku za kula kwa pesa yake. Hili la Wapemba kubeba gharama mbili kila timu inapoitwa Unguja si geni, tumelisema sana. Kombaini ni ya visiwa viwili, basi gharama yake nayo iwe ya pamoja. Gombani, hapa Pemba, pana uwanja, hata nusu ya kambi ingeweza kufanyika pale.

Huko Oman kwenyewe, mechi zilizotangazwa ni tatu. Moja haikuchezwa kabisa, kwa sababu wenyeji walisema hawakupata barua ya kuthibitisha. Timu imefika uwanjani na jezi imevaa, geti limefungwa, mlinzi anashangaa. Moja wakacheza na watu wazima. Jezi ilikuwa seti moja tu, vijana wanazifua usiku bafuni na kuzianika kwenye kiyoyozi, asubuhi wanazivaa zingali na unyevu. Ratiba ya mazoezi ilipangwa mchana, jua la saa nane, kwa sababu saa za jioni uwanja ulikuwa wa wengine na hakuna aliyewahi kuuombea.

Chakula ndiko ndugu zetu wa Muscat na Sib walikotustiri. Hawa ni watu ambao wao au wazazi wao waliondoka Unguja na Pemba miaka mingi iliyopita, Kiswahili chao hadi leo ni kile kile cha nyumbani, na waliposikia vijana wanashindia mkate na soda hawakungoja kuombwa. Wakaja na masufuria ya wali na samaki wa nazi, na maji ya baridi katoni kwa katoni. Mmoja akawaletea viatu wawili ambao njumu zao zilikuwa zimeachia soli. "Wanetu hawa," ndivyo walivyosema. Nawashukuru kutoka moyoni, na najua wazazi wote wa vijana wanasema hivyo. Lakini ni aibu. Waandaaji walikuwa wanakula hotelini, posho zao zimetoka kabla ya safari, wakati posho ya kijana mpaka leo ni ahadi.

Na kurudi je? Tiketi zilikatwa kwa mafungu. Fungu la kwanza wakaondoka wakubwa wote wanne. Fungu la pili wakabaki vijana na kocha msaidizi peke yake, wakalala kwenye viti vya uwanja wa ndege na yule mgonjwa kanyoosha mguu juu ya begi. Kama mtu mmoja angepotelewa na pasi pale, nani angemsemea?

Kuna wanaosema nisiwe mkali, ati timu yetu inapata safari chache, tushukuru kidogo tulichopata. Ukweli ni kwamba uchache huo ndio unaonipandisha hasira. Zanzibar si mwanachama wa FIFA. Mwezi wa Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama kamili kule Addis Ababa, watu wakashangilia mitaani, na Julai mwaka huo huo wakatunyang'anya kule Rabat kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Tangu hapo tunabaki na CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, na mialiko ya hapa na pale. Mchezaji wa nchi mwanachama wa FIFA akiumia na timu yake ya taifa ya wakubwa akakaa nje zaidi ya siku 28, kuna mpango wa FIFA wa tangu 2012 unaoilipa klabu yake. Wa kwetu hana mpango huo. Hana wa kumlinda ila aliyempakia kwenye ndege. Kwa hiyo aliye nje ya mfumo ndiye anayepaswa kujipanga zaidi: bima ya kununua mwenyewe, barua za kuandika mapema mwenyewe, daktari wa kumkatia tiketi mwenyewe. Sisi tunafanya kinyume chake.

Wala si kweli kwamba Wazanzibari hatuwezi kusafiri tukacheza. Mwaka 1995 tulilichukua Kombe la Chalenji la CECAFA ugenini Uganda. Mwaka 2006 timu ya Zanzibar ilikwenda Hamburg, Ujerumani, kwenye mashindano ya timu zisizo za FIFA, ikafika fainali na kutolewa kwa penalti na Kupro ya Kaskazini baada ya sare ya bila kufungana. Mwaka 2012 ilikwenda Erbil, Kurdistan ya Iraq, ikashika nafasi ya tatu. Desemba 2017, miezi michache tu baada ya CAF kutufungia mlango, Heroes, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Hemed Morocco kwenye Chalenji waliwafunga Tanzania Bara na Uganda, wakaipeleka Kenya mpaka penalti kwenye fainali pale Machakos. Vipaji vipo na ujasiri upo.

Lakini tuna kumbukumbu nyingine, na hii watu hawapendi kuisema. Aprili 2018 vijana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA, wakaondolewa kwa sababu ya umri. Ilitakiwa wawe wamezaliwa 2002 au baadaye, na waliopelekwa walikuwamo waliozaliwa kabla. Watoto wakarudi na doa. Mtoto wa miaka hiyo hajazi fomu ya usajili wa mashindano, hasomi kanuni, hatumi orodha. Hayo hufanywa na mtu mzima ofisini. Mtu mzima akikosea, anayezomewa mtaani ni mtoto. Ndivyo ilivyo na leo: matokeo ya Oman yanasambazwa kwenye simu, watu wanawacheka vijana kwa mabao waliyofungwa, na hakuna anayeuliza walilala wapi usiku wa kabla ya mechi.

Kijana wangu yule mwingine, aliyerudi salama, ameniambia hataki kuitwa tena kombaini. Ni mshambuliaji. Nimemlea tangu anacheza pekupeku, na sijapata kumsikia akikataa mpira. Nimemwambia apumzike kwanza, tutazungumza. Moyoni sina la kumwambia, kwa sababu siwezi kumuahidi kwamba safari ijayo itakuwa na daktari.

Wazazi wamekaa na wamekubaliana. Wanataka Sh150,000 zao za pasi zirudi, pamoja na nauli za boti, na risiti wanazo. Wanataka posho za vijana zilipwe kama zilivyotangazwa kambini mbele ya mashahidi. Wanataka hesabu ya ziara iwekwe wazi: nani alitoa pesa, zilikuwa ngapi, nani alilipiwa tiketi na kwa kazi gani. Huyo mjumbe ajitokeze aseme alikwenda kufanya nini. Na la kwanza kabla ya yote, gharama za matibabu ya mguu wa kijana zibebwe na waliomsafirisha, kuanzia picha za hospitali hadi mazoezi ya viungo, mpaka daktari aseme anaweza kucheza. Hili la mguu halina kungoja kikao, kila wiki inayopita inamharibia.

Barua imeshaandikwa na wazazi wameitia saini. Jumatatu wanavuka kwenda Unguja kuikabidhi kwa mkono, na mimi nafuatana nao. Wazazi wa upande wa Unguja ambao watoto wao walikuwamo, tukutaneni Malindi boti ikifika, mje na risiti zenu.