Dogo anashambulia vizuri sana, ila wakilana Malkia tu anapotea. Tumsaidieje?

Nahodha Tanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu wa chesi ya mtandaoni, hasa waliowahi kufundisha vijana.

Tuna timu ndogo hapa Tanga, tunachezea Lichess, tovuti ya chesi, kwa sababu ni bure na haili bando. Mchezaji wetu bora ni kijana wa kidato cha tatu, tumwite Dogo. Alama zake za blitzi ya dakika tatu ni 2080, za rapidi, yaani michezo ya muda mrefu zaidi, ni 1830. Mwezi ujao tuna mechi ya kirafiki na vijana wa Mombasa, na tumekubaliana dakika 15 pamoja na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua.

Kwanza uzuri wake, maana upo na ni mwingi. Akiwa na nyeupe anacheza Gambiti ya Viena, ufunguzi wa kutoa askari kafara: e4, Farasi c3, halafu f4. Mpinzani akimla yule askari wa f4, Dogo anasukuma e5 na Farasi wa mweusi aliyetoka f6 hana budi kurudi g8 alikotoka. Kuanzia hapo kijana anaona mbali. Wiki iliyopita alitoa Ngome nzima kafara ili kumvuta Mfalme wa mtu katikati ya ubao, na tulipoipitisha kwenye Stockfish, programu ya kuchambua michezo, hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka chekimeti. Haogopi mtu. Akipoteza, anabonyeza mchezo mwingine papo hapo.

Sasa tatizo. Wanaomfahamu wameshagundua kwamba dawa yake ni kulana Malkia mapema. Malkia wakitoka, Dogo anaanza kusukuma askari ovyo, Ngome yake inakaa nyuma kulinda, Mfalme wake anabaki kona ya g1 kana kwamba bado anaogopa kushambuliwa. Na kuna jambo jingine linaloniumiza zaidi: katika mechi za 15 na 10 anamaliza akiwa na dakika 16 au 17 kwenye saa. Yaani nyingi kuliko alizoanza nazo!

Nimkataze Viena? Nimweke ubao wa kwanza, wa mchezaji bora, au nimshushe? Sitaki kumharibia kipaji chake, na sitaki aaibike mbele ya wenzake. Nawasilisha.

Kete Nyeusi

Mkuu, kabla ya yote, usilinganishe 2080 na 1830 moja kwa moja. Lichess kila aina ya muda ina hesabu yake na wachezaji wake, hivyo pengo la namna hiyo peke yake halithibitishi kitu. Hizo dakika 17 ndizo zinazosema ukweli.

Blitzi ya dakika tatu bila nyongeza ina tabia moja. Mchezo ukifika mwisho, kila mtu amebakiwa na sekunde chache, na mwenye kidole chepesi anashinda hata kama ubaoni amezidiwa. Fungua mechi zake za blitzi alizoshinda, hesabu ngapi ziliisha kwa muda wa mpinzani kwisha. Ukikuta ni nyingi, ujue kuna pointi pale ambazo hatazipata Mombasa, kwa sababu kwenye nyongeza ya sekunde 10 mpinzani mtulivu haishiwi muda.

Mimi ningemfungia blitzi mpaka mechi ipite. Kabisa.

Mzee wa Bao

Mwanangu Nahodha, usimkataze kijana Viena.

Mwaka 1960 Mikhail Tal alimvua Botvinnik ubingwa wa dunia kwa pointi 12.5 dhidi ya 8.5. Alikuwa na miaka 23, akitoa kafara ambazo wenzake hawakuweza kuzijibu saa ikiwa inakimbia. Mwaka uliofuata wakarudiana. Botvinnik alikuwa amemsoma: akatafuta kulana Malkia, akazifunga nafasi, akampeleka kwenye mwisho wa mchezo ambako mashambulizi hayapo. Akarudisha taji lake, 13 kwa 8.

Hicho ndicho wanachomfanyia Dogo. Tal hakuacha kushambulia baada ya hapo. Aliongeza yale aliyokuwa hana, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikaa muda mrefu sana bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kijana aongezewe, asipunguziwe.

Hilo la kufungia blitzi nalo silikubali moja kwa moja. Mtoto ukimnyima anachokipenda ghafla, na mazoezi mengine atayachukia.

Nahodha Tanga

Shikamoo Mzee. Habari hiyo ya marudiano sikuwa naijua, nitamsomea leo hii.

@Kete Nyeusi, nimepitia mechi zake za mwezi uliopita kama ulivyosema. Zaidi ya theluthi moja ya ushindi wake wa blitzi ni muda kwisha, na baadhi yake alikuwa nyuma kwa kete nzima. Umenifumbua macho.

Mwalimu Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Huenda wanafunzi wangu ndio mtakaokutana nao, lakini mtoto ni mtoto na ningependa aje akiwa imara, mchezo uwe mzuri kwa pande zote.

Umesema Ngome yake inakaa nyuma kulinda na Mfalme hatoki g1. Ugonjwa ni huo hasa, na unatibika kwa haraka kuliko mnavyodhani. Mambo mengi ya mwisho wa mchezo yanaweza kungoja. Ngome haziwezi kungoja, kwa sababu ndizo kete ambazo mara nyingi hubaki baada ya zingine kulana. Mfundishe nafasi mbili tu kabla ya mechi.

Ya kwanza ni ya kushinda, inaitwa Lusena. Panga hivi: Mfalme mweupe g8, askari wake g7, Ngome yake f1. Mfalme mweusi e7, Ngome yake h2. Askari amebakiza hatua moja awe Malkia lakini Mfalme wake mwenyewe amemzibia njia, na akitoka ovyo atapigwa cheki bila kikomo. Mwambie Dogo atafute njia mwenyewe, asisaidiwe. Jibu ni Ngome e1 cheki, Mfalme mweusi anakwenda d7, kisha Ngome inapanda e4 na kusubiri. Hatua hiyo ya e4 ndiyo moyo wa jambo. Mfalme mweupe anatoka f7, anapigwa cheki, anashuka g6, cheki, f6, cheki, g5, na cheki ya mwisho Ngome inaingia g4 na kuikinga. Kwisha. Mtoto anayependa hesabu za kafara ataipenda, maana ni hesabu vilevile.

Ya pili ni ya kujiokoa, inaitwa Filidoro. Una Ngome, mwenzako ana Ngome na askari mmoja, na Mfalme wako amekaa mbele ya askari huyo. Weka Ngome yako kwenye mstari wa tatu ukihesabu kutoka kwako, Mfalme wake asiweze kuvuka. Tembeza Ngome kushoto na kulia kwenye mstari huo, usifanye lingine. Siku atakaposukuma askari kuingia mstari huo, teremsha Ngome mpaka nyuma kabisa upande wake uanze kumpiga cheki kwa nyuma. Mfalme wake hana tena pa kujificha. Sare.

Zote mbili zimo kwenye sehemu ya mazoezi ya Lichess, bure, na anayemjibu ni kompyuta isiyokosea. Azicheze mpaka afanye bila kufikiri.

Kuhusu Mfalme kubaki g1: mpe sheria ndogo. Malkia wakitoka tu, asicheze hatua inayofuata mpaka ajiulize Mfalme wake aende wapi. Hata kama jibu ni kwamba abaki, awe amejiuliza.

Farasi wa Muscat

Wakuu, nami niko huku Oman, nafuatilia uzi huu kwa hamu. Nahodha, Dogo anacheza mashindano ya arena pale Lichess? Anabonyeza beseki?

Nahodha Tanga

Anacheza kila Ijumaa usiku, na beseki ndiyo furaha yake. Kwani ina shida?

Farasi wa Muscat

Kwa ambao hawaijui: kwenye arena ushindi ni pointi 2, sare 1. Ukishinda mara mbili mfululizo unawaka moto na pointi zinazofuata zinazidishwa mara mbili mpaka utakapokosa kushinda. Ukibonyeza beseki mwanzoni, saa yako inakatwa nusu na nyongeza ya sekunde inaondolewa, na ukishinda unapewa pointi moja ya ziada.

Sasa fikiria kijana anayefanya hivyo kila Ijumaa. Sare inamvunjia moto, mchezo mrefu unampotezea muda wa kumpata mpinzani mwingine. Arena inamlipa kwa kukimbia na kumwadhibu kwa kuvumilia. Halafu mnamkalisha kwenye 15 na 10 mnashangaa hakai kufikiri. Anafanya alichozoezwa.

Sisemi aache. Namuunga mkono Mzee, asinyimwe. Aendelee na arena ila zenye nyongeza, dakika 3 na sekunde 2, na beseki asiiguse mpaka mechi ipite. Kila siku acheze mchezo mmoja wa 15 na 10, na kabla ya kuupeleka kwenye Stockfish aupitie mwenyewe na kukueleza kwa mdomo alikuwa anawaza nini. Stockfish ikitangulia, kijana anasoma alama nyekundu tu na kufunga ukurasa.

Kete Nyeusi

Hapo nimeshawishika. Narudisha neno langu la kumfungia, dakika 3 na sekunde 2 inatosha.

Niongeze la ufunguzi. Viena ni nzuri, ila wapinzani wa Mombasa watakuwa na wiki kadhaa za kujiandaa, na mechi zake zote ziko wazi pale kwa kila mtu. Jibu linalofahamika baada ya f4 ni d5, mweusi anapiga katikati badala ya kula. Mchezo unakuwa sawa na gambiti inakosa makali. Dogo anajua la kufanya hapo? Na wakimchezea Karo-Kani, yaani c6 hatua ya kwanza, Viena haipo tena.

Nahodha Tanga

d5 inamsumbua, kweli. Karo-Kani ndiyo kabisa, anasukuma e5 kisha anakwama.

Kete Nyeusi

Basi kwa Karo-Kani mpe Panovu: d4, mweusi d5, askari wako wa e amle wa d5, akila kwa askari wa c, wewe c4. Mara nyingi utabaki na askari mpweke katikati, asiye na askari wenzake pembeni, na huyo askari mpweke anakupa nafasi pana za Farasi na Maaskofu kumwelekea Mfalme. Inamfaa mtu wa kushambulia. Inamfundisha pia kwa nguvu kwamba kete zikilana zote yule askari anageuka mzigo, kwa hiyo atajifunza kuchagua lini alane na lini akatae. Akilijua hilo, dawa yao ya kulana Malkia haitafanya kazi kirahisi.

Mzee wa Bao

Swali lako la ubao halijajibiwa. Mweke wa pili. Ubao wa kwanza watampanga aliyemsoma zaidi, naye anahitaji kwanza mchezo mmoja mrefu aliokaa nao mpaka mwisho. Mwambie mwenyewe kwa nini, asisikie kwa wenzake.

Nahodha Tanga

Wakuu, asanteni sana. Ubao wa pili, nimekubali, na nitakaa naye kesho baada ya shule nimweleze. Jumamosi tuna mchezo wa majaribio wa 15 na 10. Niuangalie vipi ili niseme ameanza kubadilika? Matokeo peke yake naona hayatanitosha.

Mwalimu Likoni

Matokeo yaache. Ukipakua mchezo kutoka Lichess unaweza kuchukua na muda uliobaki kila hatua. Tazama pale Malkia wanapotoka, au pale mpinzani anapopiga d5. Ukiona Dogo ametumia dakika mbili tatu hapo badala ya sekunde tano, ameanza. Halafu uweke hapa pamoja na saa zake, tuutazame sote.