Gari moja la umeme, madereva watatu wa umri tofauti: betri ya ukubwa gani inatutosha hapa Mtwara?

Mkazi wa Mikindani (mwenye swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limetugawa nyumbani kwa mwezi mzima sasa. Tumekubaliana kuuza gari letu la petroli na kuagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, ila kuhusu ukubwa wa betri kila mmoja ana lake. Gari hilo litaendeshwa na watu watatu: baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye miaka 69, ambaye tunaishi naye hapa Mikindani, mimi mwenyewe, mwenye miaka 43, ambaye ofisi yangu iko Mtwara mjini, na mdogo wetu wa mwisho, mwenye miaka 26, ambaye amepanga chumba Chuno na hulichukua gari Ijumaa jioni akalirudisha Jumapili usiku.

Kabla ya kuja kuuliza, niliweka daftari dogo kwenye droo ya mbele ya gari, nikamwomba kila anayeshika usukani aandike kilometa anapowasha na anapozima. Baada ya wiki nne daftari linasema hivi: mimi huenda kati ya kilometa 24 na 31 kwa siku ya kazi. Baba, ambaye mwandiko wake bado ni ule wa ubaoni, siku nyingi hazidishi 12, kwa kuwa safari zake ni za msikitini, sokoni, na kliniki ya presha pale Ligula. Mdogo wetu huandika kati ya 90 na 140 kwa mwisho wa wiki, isipokuwa Jumamosi moja alipokwenda Lindi na kurudi, akaandika 236.

Baba anasema betri ndogo ya uniti 24 (yaani kWh 24) inatosha na kubaki, kwa sababu tangazo la wakala linasema gari hilo linakwenda kilometa 200 kwa chaji moja. Mdogo wetu anataka ya uniti 40 na hataki kusikia nyingine. Mimi nimesimama katikati, kwenye ya 30, labda kwa sababu tu ndiyo iliyo katikati. Je, wenzetu mnaoendesha magari haya huku kusini mnaonaje?

Mstaafu wa Rahaleo, Lindi

Nakusalimu mwanangu, na mfikishie mwalimu salamu zangu. Mimi nina miaka 67, na Leaf ya betri ya 24 ninayo kwa mwaka wa tatu sasa. Nianze na hiyo namba ya 200, kwa sababu na mimi niliuziwa gari kwa namba hiyohiyo. Ni namba ya kweli, lakini ni ya kipimo cha Kijapani cha wakati ule, gari likiwa jipya na likiendeshwa kwa namna ambayo hapa hakuna anayeendesha. Wamarekani walilipima gari hilohilo, la toleo la kwanza, wakapata kilometa 117. Langu lilipofika lilikuwa na vistari kumi kati ya kumi na viwili vya afya ya betri kwenye dashibodi. Sasa vimebaki tisa, na nikiwasha kiyoyozi, nikiacha na akiba kidogo ya kunituliza moyo, sipangi safari ya zaidi ya kilometa 80.

Hata hivyo, mwalimu hakukosea. Kwa maisha ya kila siku ya mtu wa rika letu, kilometa 80 ni nyingi. Natoka Rahaleo kwenda sokoni, nakwenda Hospitali ya Sokoine mara moja kwa mwezi, na msimu wa Nane Nane nakwenda Ngongo. Nachaji mara moja kwa siku tatu. Tena sisi wazee tunaendesha polepole, na gari la umeme linapenda mwendo wa 60 kuliko mwendo wa 100, jambo ambalo vijana huligundua wakiwa wameshafika mbali.

Tatizo letu sisi ni msiba. Mwaka jana nilipigiwa simu saa tano usiku kwamba shemeji yangu amefariki Mtama na mazishi ni kesho yake asubuhi. Betri ilikuwa kwenye asilimia 35, na usiku ule mtaa wetu haukuwa na umeme. Ulirudi saa moja asubuhi. Nikaliacha gari langu uani, nikatoka kutafuta usafiri wa barabarani, na nilipofika niliwakuta watu wanakung'uta mchanga mikononi. Sikumlaumu mtu, lakini tangu siku ile silali na chaji chini ya asilimia 80, ingawa najua betri hizi hazipendi kukaa zimejaa kwenye joto letu.

Kwa hiyo daftari lako, mwanangu, limeandika safari za mwezi ambao hamkufiwa. Kijana anapokwenda matembezini Lindi anajua tangu Jumatano kwamba atakwenda. Mzee haambiwi mapema.

Fundi Umeme, Ligula

Shikamoo mzee wa Rahaleo, na pole kwa msiba. Nitajibu upande wa nyaya na uniti, kwa kuwa ndiko ninakopatia riziki.

Magari haya, yakiendeshwa kwa utulivu, hula takribani uniti 15 kwa kila kilometa 100, na ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, mita ya LUKU itasoma kama 17. Kwa daftari la mwenye swali, nakadiria familia yake inakwenda karibu kilometa 1,100 kwa mwezi, maana yake ni uniti zisizofika 190. Shilingi 10,000 kwa mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, zinatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo hesabu yote iko kwenye shilingi 67,000, mahali ambapo gari la petroli lingekunywa zaidi ya lita 90. Hata hivyo nyumba nyingi za wazee ziko kwenye kundi la D1, la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa bei ya shilingi 100 kabla ya tozo. Siku mtakapochomeka gari mtatoka kwenye kundi hilo, na hata pasi na friji zitalipiwa kwa bei kubwa. Mwambieni mzee mapema, asije akadhani mita imeharibika.

Sasa kuhusu soketi. Msichaji kwa soketi ya sebuleni iliyokwisha kubeba jiko la umeme, pasi na televisheni kwa miaka kumi. Mwezi uliopita niliitwa nyumba moja ambako plagi ilikuwa imebabuka ikawa rangi ya chai ya maziwa, na waya nyuma yake ulikuwa mwembamba kuliko unaostahili, umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa utepe. Gari la umeme halifanani na pasi inayowaka na kuzima. Linavuta umeme uleule kwa saa nane bila kupumzika. Wekeni njia ya peke yake kutoka kwenye ubao wa sakiti breka, waya usiopungua milimita mbili na nusu za mraba, ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya kweli iliyopimwa, na mchaji kwa ampea 10 tu. Kwa ampea 10 mnapata kama uniti 2.3 kwa saa, yaani takribani kilometa 13 kwa kila saa. Siku ya kawaida ya mwenye swali pamoja na baba yake ni kilometa 40, kwa hiyo saa tatu za usiku zinatosha, hata kwa betri ya 24.

Jambo la mwisho ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Inapozwa na upepo wa safari tu. Kwa hali ya hewa ya Mtwara itachakaa haraka kuliko ilivyochakaa Japani. Ndiyo maana mimi simshauri mtu anunue betri inayomtosha leo tu, bila ziada.

Dereva wa Mkanaredi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina miaka 24, naendesha Leaf ya betri ya 40 ya tajiri wangu, nabeba abiria hapa mjini, na kwa siku natembea kati ya kilometa 110 na 150. Naomba nimtetee kidogo huyo mdogo wenu, maana naona anahukumiwa kwa ile Jumamosi ya Lindi.

Watu wanadhani kijana anataka betri kubwa kwa sababu ya mbwembwe na mwendo. Sikatai kwamba na hayo yapo. Lakini ameandika mwenye swali kwamba mdogo wake amepanga chumba. Nyumba ya kupanga ina wapangaji sita na LUKU moja, na tunachangishana. Mara ya kwanza nilipochomeka gari uani, asubuhi uniti zilikuwa zimekwisha na mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwangu na friji yake ya kuuzia maji ya baridi imezima. Nilikuwa nimelipa mchango wangu kama kila mtu, na bado alikuwa na haki ya kukasirika. Tangu hapo nachajia nyumbani kwa tajiri, usiku kwa usiku, nikikosa zamu nalala na kilichobaki.

Kwa hiyo mtu mwenye nyumba yake anahitaji betri ya siku moja, kwa sababu kila usiku anachomeka. Mpangaji anahitaji betri ya siku tatu, hata kama kwa siku anakwenda kilometa 40 tu. Huyo mdogo wenu akilichukua gari Ijumaa, mpaka Jumapili hana pa kulichomeka. Kilometa 140 zake ni za chaji moja, wakati kilometa 140 za kaka yake zinagawanywa kwa usiku tano.

Kuhusu Lindi, hata betri ya 40 haiendi na kurudi bila kusubiri. Ikiwa mpya Wamarekani waliipima kilometa 243; iliyotumika nawashauri mhesabu 200, na pungufu ya hapo kama kuna haraka. Mimi nilipokwenda nilichomeka kwa ndugu kwa saa tano, tukala, tukaongea, nikarudi. Mwenyeji mwachie hela ya uniti kabla hajaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Mama Korosho, Tandahimba

Nimewasoma wote kwa makini. Nina miaka 52, na msimu wa korosho ukianza Oktoba huwa nazunguka vyama vya msingi vya ushirika kuanzia Tandahimba mpaka Newala, siku nyingine kilometa 160 kwa siku, nyingi zikiwa za vumbi. Miezi mingine nalala nyumbani na gari halitoki. Kwa mtu wa namna yangu, wastani wa mwezi ni uongo mtupu. Nusu ya mwaka ningekuwa namiliki betri nisiyoihitaji, na nusu nyingine ningekuwa nimekwama kijijini nikiomba soketi. Nimebaki na dizeli yangu kwa sasa, mpaka hapo lami ya Mnivata hadi Newala na Masasi itakapokamilika yote. Swali langu kwa fundi ni hili: kupanda uwanda wa Makonde kunakula chaji kiasi gani?

Fundi Umeme, Ligula

Mama, gari la tani moja na nusu likipandishwa mita 600 linatumia kama uniti mbili na nusu za ziada, mbali na zile za mwendo wa kawaida. Ni sawa na kuongeza kilometa 15 au zaidi za tambarare kwenye safari yako. Ukishuka, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo, mradi betri isiwe imejaa kabisa. Mchanga mzito ndio unaotesa zaidi, na huo haurudishi kitu.

Mkazi wa Mikindani (mwenye swali)

Nawashukuru sana wote. Jana baada ya chakula nilimsomea baba majibu yenu. Ya soketi aliyasikiliza kwa kutikisa kichwa, ya LUKU akaguna, lakini nilipofika kwenye habari ya mazishi ya Mtama alininyamazisha kwa mkono, akaomba daftari la gari, akaandika kwenye ukurasa mtupu neno moja kwa herufi kubwa: NDANDA. Dada yake anaishi huko, ana miaka 78, na hali yake si nzuri tangu mwaka uanze.

Kutoka hapa hadi Ndanda ni kama kilometa 150. Betri ya 24 haifiki. Ya 30, ambayo ikiwa mpya ilipimwa 172, ikishachakaa kidogo itatuacha njiani au itatufikisha tukiwa tunaangalia dashibodi badala ya barabara. Ya 40 itafika na akiba, kisha ilale kwenye chaji, nasi turudi kesho yake. Kwa hiyo tumekubaliana ya 40, na mdogo wetu anajisifu kwamba ameshinda, ingawa aliyeamua ni baba. Huyo mdogo wetu tumempa sharti moja: Ijumaa analipokea gari likiwa limejaa, na Jumapili akilirudisha analichomeka yeye mwenyewe, hata kama ni saa sita usiku, kwa sababu Jumatatu asubuhi mimi nina kazi na simu ya Ndanda inaweza kuita siku yoyote.

Fundi wa Ligula, nitakutumia ujumbe wa faragha ili uje Jumamosi upime waya wetu. Na binamu yangu wa Ndanda ametuma picha ya soketi yao ya barazani: ni ya matundu matatu, lakini anasema hajui kama ile ethi imeunganishwa popote. Je, kuna namna ya kuipima bila kukulipia nauli mpaka kule?