Hadithi naitoa kidogo kidogo na nimekwama sehemu ya 31, nimalize kwanza ama niendelee kutoa?

Bint_Langoni

Asalam aleikum wapendwa. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, naandika riwaya yangu ya pili na kama ile ya kwanza sikuipeleka kwa mchapishaji, naitoa mwenyewe kwa grupu la WhatsApp. Wasomaji ni 64, kila mmoja anatuma bob 20 kwa wiki kwa M-Pesa, na kila Alhamisi usiku natoa sehemu moja. Kazi inayonilisha hasa ni kushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, kofia moja ya kazi nzuri yanila miezi miwili, mikono iko kazini mchana kutwa ila kichwa kiko huru kwa hivo hadithi nyingi nazitunga na sindano mkononi, nikifika mwisho wa mstari nasimama, naandika kwa simu nilichokipata kabla hakijapotea, alafu narudi kwa kofia.

Sasa shida yangu. Sehemu ya 9 niliandika hivi: mwaka ni 1964, siku chache baada ya Maulidi, Athmani apanda jahazi hapa Lamu kwenda Mombasa kumzuia dadake asiolewe na mtu aliyemdhulumu baba yao. Upepo uko nyuma yake, kesho yake asubuhi yuko Bandari ya Kale, awahi, nikaha haifungwi. Kila kitu kilichokuja baadae kimesimama juu ya kule kuwahi. Juzi mzee mmoja wa mtaani, mjukuu wake humsomea, akaniita barazani akaniambia mwanangu, Maulidi ya 1964 ilikuwa mwezi wa saba, na mwezi wa saba hakuna jahazi la kwenda Mombasa na upepo nyuma, ile ni kusi, itampiga usoni tangu atoke mlangoni. Nimeangalia kalenda na ni kweli.

Tangu siku hiyo siandiki. Alhamisi mbili zimepita bila kitu na watu wananiuliza Athmani yuko wapi, pesa wameshatuma. Naomba nyinyi mnaochapisha wenyewe mniambie, mnamaliza kitabu chote ndo mnatoa ama mnatoa huku mnaandika? Na siku yenu mnaigawa vipi manake mimi kuandika na kuuza na kujibu meseji vyote viko kwa simu moja na saa ile ile.

Tuktuk_Maweni

Wasalam dada yangu, pole sana, hiyo ya wiki mbili bila kuandika naijua. Mimi niko Malindi naendesha tuktuk na nimetoa riwaya tatu kwa njia hiyo hiyo yako ya sehemu kwa sehemu, na nakuambia usiiache manake bila wale wasomaji wa kila wiki mimi ile ya kwanza ningeiacha sura ya nne, mtu akikutumia bob 20 na akakuuliza kesho nini kitatokea unaamka. Lakini kuna kitu nilijifunza kwa uchungu, usitoe sehemu ya 1 mpaka uwe na akiba. Mimi sahi sianzi kutoa kama sina sehemu 8 zimekaa kwa simu zimekamilika, alafu kila nikitoa moja naandika moja, akiba haishuki chini ya 8, kwa hivo nikiugua ama tuktuk ikiharibika niko na miezi miwili ya kupumua, na muhimu zaidi nikigundua kosa kwa sehemu ambayo haijatoka naweza kulirudia bila mtu kujua.

Siku yangu iko hivi. Nikitoka msikitini alfajiri nakaa kwa kiti cha nyuma cha tuktuk uani kwetu, simu naitoa data kabisa, mpaka saa moja. Maneno 400. Sio 1000, nilijaribu 1000 nikashindwa siku ya nne nikaacha mwezi mzima. 400 kwa siku tano ni 2000, na hiyo kwangu ni sehemu mbili fupi. Mchana nikiwa steji nikipata neno, jina, vile abiria fulani ameongea, narekodi kwa sauti, siandiki hadithi yenyewe mchana kwa sababu mteja akija nakatwa katikati na sentensi haitarudi. Pesa, meseji, kuongeza watu kwa grupu, yote ni Jumamosi jioni tu. Zamani nilikuwa naangalia nani ametuma kila saa, siku ikaisha sijaandika hata mstari. Line ya pili ni bei rahisi dada, weka grupu kwa line hiyo na simu ndogo, hii ya kuandikia usiichanganye.

Na kosa lako waambie tu. Mimi niliwahi kumuua mtu sehemu ya 14 akarudi kuongea sehemu ya 20, nikawaandikia samahani nimekosea, nikatoa ile ya 20 upya, sikupoteza hata mmoja.

mwl_barani

Bint Langoni, mimi ni mwalimu Malindi, nimehariri riwaya kadhaa za vijana wanaochapisha wenyewe. Sikubaliani sana na ndugu yangu wa tuktuk. Kutoa sehemu kabla kitabu hakijaisha kunamfunga mwandishi kwa jambo alilolisema hajalifikiria. Anayemaliza rasimu nzima kwanza anaweza kurudi sura ya 2 akapanda mbegu ya jambo lililomjia sura ya 20, na riwaya nzuri nyingi zimeshonwa hivyo, kwa kurudi nyuma. Wewe mshona kofia unajua kufumua.

Lakini nakiri njia hii haikuanza na WhatsApp. Charles Dickens wa Uingereza aliandika riwaya zake karibu zote hivyo, tangu 1836, sehemu za kila mwezi na nyingine za kila wiki, wasomaji wananunua huku yeye bado anaandika. Kilichomsaidia ni karatasi. Katika riwaya zake za baadaye kila toleo alilipangia karatasi yake, upande wa kushoto anajiuliza maswali, fulani aingie sasa au asubiri, hili lijulikane au bado, na upande wa kulia anaandika sura zenyewe zitakuwa na nini. Fanya hivyo kwa daftari la shule, ukurasa mmoja kila sehemu, na juu kabisa andika tarehe, mwezi wa Kiislamu, na upepo. Ndiyo, upepo. Kwa hadithi ya Lamu hilo ni sawa na saa ukutani. Hatari yake pia ujue: alipofariki Juni 1870 hadithi aliyokuwa nayo ilipangwa sehemu 12 na alikuwa ameandika 6 tu. Mwisho wake haujajulikana mpaka leo.

Sasa kosa lako. Miezi yetu inazunguka na pepo hazizunguki, kila mwaka Maulidi inarudi nyuma siku kama 11. Ukiivuta hadithi mpaka 1950, Maulidi iliangukia Desemba, na hapo kaskazi imeshashika, Athmani anakwenda na upepo nyuma yake kama ulivyoandika. Hiyo ndiyo njia rahisi, ubadilishe mwaka mmoja tu. Ila angalia kama kuna kitu kingine kinachohitaji 1964.

Na usione aibu kwamba kofia ndiyo inayokulisha. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa serikali mpaka akastaafu 1971, akiandika nje ya saa za ofisi, na Nobel akaipata 1988.

nahodha_shela

Mwanangu, mzee aliyekuambia hakukosea. Mimi nimekwenda na majahazi tangu kijana.

Mwezi wa sita na wa saba kusi ni kali na bahari imefunga. Majahazi mengi wakati huo hayakuwa majini kabisa, yalikuwa yamepandishwa pwani yanatiwa kalafati kuziba nyufa, yanapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, chini yanapigwa shahamu. Mtu akitaka kwenda Mombasa mwezi huo kwanza ampate nahodha atakayekubali, na hiyo peke yake ni sura ya kitabu chako. Akikubali atakwenda bisho. Yaani chombo kinakwenda kombo, chaenda nje baharini, kinarudi pwani, chaenda nje tena, na kila kikigeuka foromali, ule mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti na tanga lote, watu wanavuta huku maji yanawapiga, usiku pia. Mchana kutwa umepiga bisho, jioni watizama pwani waona mnazi ule ule ulouona asubuhi. Vyakula vyaisha. Watu wagombana. Na kaskazi waondoka Lamu asubuhi, kesho yake uko Mombasa, lakini kwa bisho la mwezi wa saba hesabu wiki na zaidi, na siku nyingine waingia kijito kujificha hujui watoka lini.

Usibadilishe mwaka. Mwache kijana ataabike.

Wino_Mkavu

Mimi naongeza la baadae kidogo, ukimaliza ukataka kuchapa kitabu cha mkononi. Usikimbilie nakala nyingi, 100 kwanza. Saizi ya A5 na uliza mtu wa mashine kurasa zinakunjwa ngapi ngapi, mara nyingi ni 16, kwa hivo kurasa 176 zinakaa sawa lakini 180 zinakuachia kurasa 12 tupu umezilipia. ISBN inatolewa na maktaba ya taifa, KNLS, omba kabla kava haijatengenezwa. Na uulize gundi! Mimi nilichapisha Nairobi, vitabu vikaja na basi mpaka Mokowe, kutoka hapo boti, vikafika vizuri kabisa, nikaviweka chumba cha chini, joto na unyevu wa hapa mnaujua, miezi mitatu nikifungua kitabu kinatoa sauti tak na kurasa zinabaki mkononi. Nilirudisha pesa za watu 22. Aliyechapa hakuchukua simu tena. Sasa nalipia vishonwe uzi, ni ghali lakini kinakaa, na naviweka juu ya meza sio sakafuni.

Tuktuk_Maweni

Mwalimu nakuheshimu sana ila mtu anayeshona kofia miezi miwili ndo alipwe, hiyo 1280 ya kila wiki ndo inanunua bando na unga. Ukimwambia amalize kwanza bila kutoa ni mwaka mzima bila hiyo pesa.

mwl_barani

Kweli kaka, hilo sikulipima. Basi asimame mwezi mmoja, ajenge hiyo akiba yako ya sehemu 8, na mwezi huo asichukue pesa.

Bint_Langoni

Nimerudi. Shukran nyote, Mwenyezi Mungu awalipe, baba nahodha wewe hasa manake niliposoma ule mnazi ulioonekana asubuhi na jioni nilisimama nikazunguka chumba.

Mwaka siubadilishi. Kuna redio kwa sehemu ya 3 na habari inayosemwa ni ya 1964, nikiigusa hiyo naanza kufumua kotekote. Athmani atachelewa. Atafika Mombasa siku ya tisa dadake ameshaolewa, na sasa naona ile ndo hadithi yenyewe, vile niliandika kwanza kila kitu kilikuwa chepesi mno kwake na ndo maana nilikuwa nakwama, kutoka sehemu ya 20 alikuwa hana la kufanya. Sehemu za 9 mpaka 12 naandika upya zote, nyingi ya zile nyingine zitabaki na kurekebishwa, tatu natupa.

Jana Ijumaa niliwaambia grupu ukweli, kwamba nimekosea upepo, kwamba nasimama wiki nne na kwa wiki hizo nne wasitume chochote, nikirudi nitaanza na sehemu ya 9 mpya. Wawili wametoka. Line ya pili nimenunua leo asubuhi. Daftari pia, la kurasa 96, ukurasa wa kwanza nimeandika "Sehemu ya 9, Rabiulawal 1384, kusi", kushoto nimejiuliza nahodha anakubali kwa nini, na kulia bado hakuna kitu.

Alafu usiku dada mmoja wa kwa grupu, yuko Faza, akanitumia sauti ya mamake ya dakika 11. Baba wa huyo mama alikuwa baharia, mama anaeleza vile walimsubiri kusi moja yeye akiwa mtoto, chombo kiko njiani hakijulikani kiko wapi, na vile nyanyake alikuwa anapanda juu ya dari kila alasiri kutizama tanga, na anataja walichokuwa wanapika siku hizo na walichokuwa hawapiki. Nimeisikiliza mara tatu. Kofia iko hapa pembeni na sindano ndani yake.

Baba nahodha, nikimaliza hiyo ya 9 naomba nikuletee Shela nikusomee kabla haijatoka.

nahodha_shela

Ndoo, karibu mwanangu. Baada ya alasiri huwa nipo barazani.