Heller ya mwambani na hela ya mfukoni: zina ukoo?

MtembezaKolo
Wakubwa shikamooni. Natembeza wageni kwenye michoro ya miambani hapa Kolo, Kondoa. Juzi nilipanda na mama wa Kinorwei na mumewe Mjerumani. Tulipofika chini ya mwamba ulioinama kama upenuni, mama akaugusa kwa kiganja, akasema, "Heller!" Mumewe akadakia: kwao Heller ilikuwa senti ya zamani. Nikaduwaa, maana bibi yangu Mrangi hatamki pesa wala fedha, ni hela tu. Haya maneno ni ndugu? Naomba jibu, nisije nikawadanganya wageni.

MstaafuChamwino
Marahaba mwanangu. Hela yetu imetoka kwa huyo Mjerumani. Zamani rupia moja ilikuwa pesa 64; mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadili, rupia ikawa heller 100. Na wao jina walilipata kwenye mji wao wa Hall, palipofuliwa visarafu vya fedha karne nyingi nyuma. Marehemu baba aliniachia moja ya 1916, heller 20. Imepauka, taji limechapwa upandeupande, na ina herufi T. Hiyo T ni Tabora! Meli zilizuiwa na vita, sarafu zikaadimika, basi wakazifua wenyewe kwenye karakana ya reli. Kila nikiishika naona mikono ya mafundi wale.

DadaWaIpagala
Nilisoma Norwei miaka miwili. Heller ya yule mama ni jiwe linalokinga mvua, neno la kale la Kinordi lenye maana ya pango. Na Hall haihusiki kabisa. Tena wanayo heller nyingine: ukikaribishwa kahawa nawe wataka chai, unasema "heller te", yaani afadhali chai. Wajerumani nao husema heller kwa kitu chenye mwanga zaidi. Sura moja, koo mbalimbali.

NesiWaZamu
Nilifanya kazi na Mfilipino. Kwa Kitagalog hele ni wimbo wa kubembeleza mtoto alale. Ila hela kwao ni pera, kutoka perra, jina la mtaani la sarafu ya Kihispania. Alinikuta nakula pera, nikamtajia jina la tunda, akadhani namdai!

MtembezaKolo
Asanteni sana. Mzee, naomba picha ya hiyo sarafu, upande wenye T. Jumamosi naenda kwa bibi, nataka aione.