Fundi akikwambia "swichi bado inazunguka, endelea nayo tu", kimbia

Wadau, nimekereka na leo sinyamazi.

Gari langu ni la zamani, la kuchomeka ufunguo na kuzungusha, na kwa muda mrefu ufunguo ulikuwa unagoma kwenye swichi ya kuwashia. Unachomeka, unatikisatikisa, unaurudisha nyuma kidogo, unajaribu tena. Siku nyingine unakubali mara moja, siku nyingine unabaki umekaa mle ndani unaomba dua. Kila fundi niliyempelekea jibu lilikuwa lilelile: si bado inazunguka? Ikifa ndiyo uilete. Mmoja akapulizia oili, akachukua hela yake, akasema imepona.

Ushauri mbovu kuliko huo sijawahi kupewa, na nitaeleza kwa nini, maana naona wengi bado wanaupokea.

Silinda ya swichi, yaani kile kipande cha mviringo unachochomekea ufunguo, kwenye magari mengi ya zamani haichomoki ufunguo ukiwa LOCK, pale unapoanzia. Lazima uzungushe hadi ACC, hatua ya kwanza inayowasha redio tu. Hapo ndipo pini inayoishikilia inakaa mkabala na tundu dogo lililo kwenye nyumba ya swichi. Unaingiza kitu chembamba, unabonyeza, unavuta, silinda inatoka pamoja na ufunguo wake. Kufungua makava ya stelingi ndiko kunakula muda kuliko kuchomoa silinda yenyewe. Sasa ikigandia LOCK, ile pini huifikii tena. Kwa hiyo fundi anayekwambia usubiri ife anakwambia usubiri mpaka mlango rahisi ufungwe, kisha umrudie akiwa ameshika drili.

Na ndivyo ilivyokuwa. Ikaganda LOCK, stelingi nayo imejifunga, gari halisogei. Hata hapo kulikuwa na mambo ya kujaribu kabla ya kutoboa. La kwanza, kuchezesha usukani kulia na kushoto huku unazungusha ufunguo taratibu, maana kile chuma kinachofunga stelingi kikibanwa na uzito wa matairi kinazuia silinda hata kama silinda ni nzima. La pili, kuuliza swali moja tu: "Ufunguo wa akiba uko wapi?" Fundi niliyemwita hakuuliza! Ndani ya silinda kuna vibati vidogo vya shaba vilivyopangwa mstari, kila kimoja na springi yake. Ufunguo sahihi unavipanga vyote vikae sawa na mwili wa silinda, kisha inazunguka. Kimoja kikichomoza kidogo tu, haiendi. Na mara nyingi kinacholika ni ufunguo pamoja na vibati, kwa hiyo ufunguo wa akiba ambao haujatumika sana unaweza kuzungusha swichi ambayo ule wa kila siku umeishindwa. Ukizungusha hadi ACC mara moja tu, umeokoka, chomoa silinda hapohapo.

Hapa niwaguse kidogo na wachonga funguo. Unampelekea ufunguo ulioliwa, anauweka kwenye mashine, anakutolea nakala ya ule ulioliwa, pamoja na mabonde yake yote. Umelipia ugonjwa uleule kwenye chuma kipya. Ufunguo wa maana unachongwa kwa namba ya kodi ("code") ya ufunguo wa gari, si kwa kunakili.

Turudi kwa fundi. Hakuchomoa betri. Stelingi ina airbagi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali, zile nyaya zake za njano zinapita hapohapo chini ya makava, na mtu anapekua na bisibisi huku umeme upo! Utaratibu unajulikana: chomoa negativu, subiri dakika ambazo kitabu cha gari kinasema, ndipo uguse. Nikamwambia. Akacheka.

Akatoboa. Vumbi la chuma likaingia nyuma, kwenye swichi ya umeme, ambayo ni kifaa kingine kabisa na haikuwa na tatizo. Sasa nayo inasumbua, redio na feni vinakata vikijisikia. Kava la chini limepasuka. Akataka pia kung'oa nyumba nzima ya swichi, nikamzuia, maana imefungwa kwa zile bolti zilizotengenezwa zikatike kichwa kiwandani ili mwizi asizifungue. Kuzitoa ni kutoboa tena au kuzichongea mfereji kwa patasi. Nani alimwambia zinahitajika kutoka?

Kilichoniumiza zaidi ni silinda ya zamani. Ameitupa. Ingawa ilitobolewa, vibati ambavyo drili haikuvigusa vingeweza kuhamishiwa kwenye silinda mpya kwa mpangilio wake, vilivyoharibika vikabadilishwa vyenye kimo kilekile, na gari lingebaki na ufunguo mmoja. Sasa nina ufunguo wa milango na ufunguo wa kuwashia. Na gari lina immobilaiza, kile kifaa kinachokataa injini iwake kisipoisoma chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo, na ufunguo mpya hauna chipu, hivyo suluhisho la bwana mkubwa likawa kubandika kichwa cha ufunguo wa zamani kwa gundi ya karatasi karibu na ile ringi ya antena inayosoma chipu. Yaani ulinzi wa gari umeachwa umening'inia ndani ya gari lenyewe. Mwizi anahitaji nini tena?

Halafu hiyo silinda mpya. Chuma laini, inacheza. Ufunguo unachomoka injini ikiwa inanguruma. Nilipomwonyesha akasema hiyo ni faida, naweza kuliacha gari linaunguruma na nikafunga milango. Nilikosa la kumjibu kwa dakika nzima. Jamani, mwaka 2014 General Motors iliita magari yapatayo milioni 2.6 kwa sababu ya swichi iliyokuwa inateleza yenyewe kutoka ON gari likiwa barabarani, injini inazima, airbagi hazifunguki, na mfuko wao wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Wamiliki waliambiwa waendeshe na ufunguo mtupu, bila kitu kingine kwenye ringi. Aprili mwaka huohuo wakaongeza na silinda kwenye matengenezo hayo, kwa sababu ufunguo uliweza kuchomolewa injini ikiwa inawaka. Kosa ambalo kampuni kubwa ililazimika kuliita kasoro, huku kwetu linauzwa kama faida.

Springi ya kurudisha kutoka START nayo ni mvivu. Juzi stata iliendelea kusaga baada ya injini kuwaka mpaka nikaurudisha ufunguo kwa mkono. Nimeirudisha gari, naambiwa spea haina waranti kwa sababu "imeshafungwa". Spea ipi ingejulikana ni mbovu kabla ya kufungwa?

Hela sitarudishiwa, hilo najua. Ninachotaka sasa ni silinda ya maana, na ipangwe vibati ifuate ufunguo wa milango. Nimeelezwa kwamba kwenye baadhi ya magari namba ya kodi ya ufunguo imegongwa kwenye silinda ya mlango, kwa hiyo nafungua paneli ya mlango mwenyewe, na fundi simwiti. Aliyewahi kufanya hivyo aniambie: namba inaonekana kwa kioo na tochi, au lazima kitasa kitoke? Na kama kuna aliyepanga vibati mwenyewe, alizuiaje zile springi zisimrukie?

Wa "nunua tu gari jipya" apite kushoto.