Je, naweza kuwachanja mwenyewe mbwa na paka wangu nyumbani?

mfugaji_sikonge

Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Sikonge, nina paka mmoja mwenye mimba na mbwa wawili wanaofuatana na vijana wangu porini waendapo kukagua mizinga ya nyuki. Duka moja la dawa za mifugo mjini Tabora liko tayari kunivutia dozi za chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye mabomba ya sindano, nizifunge kwenye mfuko wenye barafu, nipande basi na kuja kuwachoma mwenyewe, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe nimezoea kuwachoma. Je, kuna ubaya wowote? Na paka naye anahitaji chanjo hiyo?

mkazi_wa_kaliua

Ndugu yangu, wa kwangu huwachanja mwenyewe. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa mengine hatari ya mbwa, huja katika vichupa viwili, kimoja cha unga na kingine cha maji. Unachanganya, unainua ngozi ya nyuma ya shingo na kuchoma chini yake. Watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi watimize wiki 16, kwa sababu kinga waliyoipata kwa mama inaweza kuizima chanjo ya mapema. Kumwita mtaalamu mara zote hizo ni gharama.

daktari_mifugo_nzega

Aliyenitangulia ameeleza ratiba ya watoto wa mbwa kwa usahihi, wala sina shaka na mkono wake, maana kuchoma ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Ninachopinga ni dozi ya kichaa iliyokwisha kuvutwa dukani. Chanjo hiyo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikigandishwa huharibika, hivyo bomba linalogusana na barafu safari nzima linaweza kufika na maji yasiyo na faida, na kwa macho hutaitambua tofauti. Ni kweli kwamba utafiti uliofanyika hapa nchini na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo ya Nobivac ya kichaa ilihimili nyuzijoto 30 kwa miezi 3, lakini hizo zilikuwa chupa zilizofungwa, si dozi iliyomo ndani ya bomba.

Jambo la pili ni kadi ya chanjo. Mbwa wako akimng'ata mtoto wa jirani, utaulizwa tarehe ya chanjo na namba ya toleo lake, na bomba la dukani halina maelezo hayo. (Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali mara moja, hata kama mbwa ana kadi, kwani dalili za kichaa zikishajitokeza kupona ni nadra mno.) Aidha, wapo wanyama wachache wanaopatwa na mzio mkali baada ya kuchomwa: uso huvimba, hutapika, huanguka, na hapo huhitajika adrenalini, dawa ya dharura, haraka.

Ushauri wangu ni kwamba mtaalamu ndiye aje nyumbani. Chupa nyingi za chanjo hii huwa na dozi 10, na ikishafunguliwa yapasa kutumika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kusanyeni majirani wenye mbwa na paka, mkaongee na ofisa mifugo wa kata aje na kasha lake la baridi, mchangie gharama. Mwulizeni pia kuhusu kampeni za chanjo, ambazo mara nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba.

Paka pia huchanjwa kichaa kuanzia miezi 3. Wa kwako asubiri azae, na hasa asipewe chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa) ya homa ya paka (panleukopenia), kwa kuwa inaweza kuwadhuru watoto tumboni.

mfugaji_sikonge

Ninashukuru sana, daktari. Majirani wenye mbwa wapo wa kutosha kuimaliza chupa. Swali moja limebaki: mbwa wangu mdogo ana miezi 2 tu. Je, aachwe siku hiyo?

daktari_mifugo_nzega

Asiachwe. Kwa mbwa anayekwenda porini, ambako fisi na mbweha nao huugua kichaa, achomwe pamoja na wengine, arudiwe akitimiza miezi 3, kisha baada ya mwaka. Tarehe zote ziandikwe kwenye kadi yake.