Utulivu wa safari au wepesi wa kona: nichague gari lipi dogo la saluni la kifahari?

Msafiri wa Alfajiri:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokaa na magari haya kwa muda, si wa watu waliosoma vipeperushi vya wauzaji. Ninatafuta saluni, yaani sedani, ndogo ya kifahari, iliyokwisha kutumika lakini isiyochakaa, na nimebakiwa na tatu: BMW 3 Series ya kizazi kilichotambulishwa mwaka 2018, Mercedes-Benz C-Class ya kizazi cha 2014, na Lexus IS ya kizazi cha 2013. Sina shida na injini zake wala na mapambo ya ndani. Kinachonitatiza ni namna gari linavyotembea. Mimi napenda gari linaloingia konani bila kusitasita, ambalo usukani wake unanipa habari za matairi ya mbele. Mke wangu, ambaye ana maumivu ya mgongo wa chini, hupima gari kwa jambo moja tu, nalo ni hali anayoshuka nayo baada ya saa tatu za safari.

Wiki iliyopita tulijaribu BMW mbili za aina moja, za mwaka mmoja na injini moja. Ya kwanza ilitupiga kwenye kila ufa wa lami hadi mke wangu akaniomba tugeuze. Ya pili ilipita barabara ile ile kwa adabu, na konani sikuona kama imepungukiwa sana. Nilipomuuliza muuzaji, alinijibu kwamba hazitofautiani ila kwa mwonekano. Je, inawezekana magari mawili ya jina moja yawe na tabia mbili? Na je, mtu anayetaka kona na mgongo mzima anaweza kuvipata vyote viwili, au ni lazima mmoja wetu akubali kushindwa?

Fundi wa Uvunguni:

Ndugu Msafiri, kabla hujalinganisha BMW na Mercedes, rudi kwenye zile BMW mbili uyainamie matairi yake, kwa maana nina karibu hakika kwamba jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Kizazi hicho kiliuzwa kikiwa na rimu za ukubwa mbalimbali kulingana na toleo. Tairi la 225/50 R17, yaani la rimu ya inchi 17, lina ubavu wenye kimo cha milimita 112 hivi, ilhali la 225/40 R19 lina milimita 90 tu. Kipenyo cha gurudumu zima karibu hakibadiliki, kwa hiyo kila inchi inayoongezwa kwenye rimu hukatwa kutoka kwenye upepo, na upepo huo ndio springi ya kwanza ya gari, inayokutana na jiwe kabla springi ya chuma haijapata habari. Isitoshe, rimu kubwa kwa kawaida huwa nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi ni adui mkubwa wa utulivu, kwa kuwa gurudumu zito likisharushwa na ufa huwa gumu kulizuia, na mtikisiko wake hupanda hadi kwenye kiti. Angalia pia kama ile ya kwanza ina matairi yenye ubavu ulioimarishwa, yaani yale yanayoendelea kutembea hata yakiishiwa upepo. BMW iliyatumia kwa wingi katika 3 Series ya mwaka 2005, na lawama nyingi za ugumu wa kizazi kile ziliyaangukia matairi hayo.

Baada ya matairi, tenganisha kazi ya springi na kazi ya shokomzoba, au shokapu kama wengi wetu tunavyoziita. Springi hubeba gari na kuamua litapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde. Shokapu huamua mchezo huo ukome lini. Saluni iliyotengenezwa kwa ajili ya utulivu hupanda na kushuka takriban mara moja na kidogo kwa sekunde, na iliyotengenezwa kwa ajili ya kona hukaribia mara moja na nusu au kuzidi hapo. Mwili wa binadamu huvumilia tofauti hiyo bila malalamiko makubwa. Usichokivumilia ni shokapu iliyokazwa mno, ambayo hugeuza kila ufa kuwa pigo, au iliyochoka, ambayo huliacha gari likielea kama mtumbwi kila linapovuka tuta. Ndiyo maana utakuta gari lenye springi ngumu kiasi na shokapu bora linastarehesha kuliko gari laini lenye shokapu hafifu, jambo ambalo wanunuzi wengi hukataa kuliamini mpaka wakalie viti vya yote mawili.

Stabilaiza nayo ina hila yake. Ni chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia; gari likilala upande mmoja konani chuma hicho hujipinda na kulizuia, lakini magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, hakifanyi lolote. Kwa sababu hiyo wahandisi hupenda kuikaza stabilaiza badala ya springi, na kwenye lami nzuri unapata kona pasipo kuulipia utulivu wako. Deni huja kudaiwa pale gurudumu moja tu linapoingia shimoni, kwa kuwa stabilaiza ngumu hulipeleka pigo upande wa pili, na vichwa vya abiria huyumba kushoto na kulia kama vya watu wanaokataa jambo. Ukijaribu gari, lipitishe makusudi mahali palipoharibika upande mmoja.

Watengenezaji wamepambana na mvutano huu kwa njia nyingi. Mwaka 2002 Cadillac ilileta, katika Seville STS, shokapu zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma, ambayo huwa mazito mara yanapopitiwa na nguvu ya sumaku. Mercedes iliipa C-Class ya 2007 shokapu zisizohitaji umeme, ambazo hulegea kwenye mitikisiko midogo na kukaza kwenye mikubwa, na BMW unayoitazama hutumia wazo la ukoo huo, kwani nguvu ya shokapu zake za kawaida huongezeka kadiri gurudumu linavyosogea mbali na mahali pake. Mimi, kwa gari lililokwisha kutumika, nazipenda zaidi hizi za kimakanika. Zikifa, hufa kwa sababu zinazoonekana kwa macho.

Kona Kali:

Fundi amesema kweli kuhusu matairi, ila wepesi wa kona hautokani na ugumu peke yake, na anayeuza gari gumu kwa jina la gari la mbio anamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Gari hugeuka vizuri kwa sababu uzito wake umegawanywa vyema kati ya mbele na nyuma, kwa sababu usukani wake ni wa haraka na hauna ulegevu katikati, na kwa sababu magurudumu hayapotezi mwelekeo mwili wa gari unapolala. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai uti wa mgongo wa abiria uteseke.

Mfano mzuri ni Mercedes 190 ya mwaka 1982, babu wa C-Class, iliyokuja na mikono mitano, yaani vyuma vya kulishikilia gurudumu, kwa kila gurudumu la nyuma. Kila mkono una kazi yake, hivyo wahandisi waliweza kuliacha gurudumu lirudi nyuma kidogo linapogonga ufa, jambo linalopunguza ukali wa pigo, huku wakilizuia kabisa lisicheze kuelekea kushoto au kulia, jambo linalolipa gari uaminifu konani. Hiyo ni starehe na kona kutoka chuma kile kile. Bushi zake, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya mikono hiyo, ndizo zinazobeba siri hiyo, na bushi zikichakaa siri hupotea, ndipo utawasikia watu wakisema kwamba gari fulani "limezeeka" wakati lilichohitaji ni mpira mpya.

Jambo jingine ambalo wachache hulipima ni jinsi pua ya gari na mkia wake vinavyopokezana tuta. Maurice Olley, mhandisi aliyetoka Rolls-Royce akaenda General Motors, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba springi za nyuma zikiwa na mwendo wa kasi kidogo kuliko za mbele, nyuma hulifikia pigo kwa kuchelewa kisha huikamata mbele, na gari likatulia sambamba badala ya kupiga pua na mkia kama bembea. Gari likikurusha mbele na nyuma baada ya tuta, liache, hata kama kiti chake ni laini kama godoro.

Kuhusu hizo tatu, zote katika matoleo yake ya msingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo usukani haukabwi na nguvu ya injini. Mimi ningechukua BMW yenye rimu ndogo. C-Class ya 2014 ndiyo iliyoleta springi za hewa kama chaguo katika daraja hili, na zikiwa nzima ni za kupendeza mno, lakini mifuko yake ni mpira, mpira huzeeka, na kompresa yake hufanya kazi mara mbili mfuko unapoanza kuvuja. Gari la kuja kwako likiwa na miaka kadhaa, lilaze usiku mmoja, asubuhi uangalie kama limesimama sawa pande zote.

Abiria wa Kudumu:

Niruhusuni niseme kwa niaba ya wale wanaokaa kiti cha kushoto au cha kulia pasipo kushika usukani. Mimi pia nina mgongo wenye historia, na ninachoweza kumwambia mke wa ndugu Msafiri ni kwamba neno "ngumu" linaficha maumivu ya aina mbili. Mwili ulioketi huhisi zaidi mtikisiko wa wima unaojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na huo ndio unaouchosha mgongo. Kichefuchefu, kwa upande mwingine, huletwa na kuelea kwa polepole sana, chini ya mara moja kwa sekunde. Mume wangu aliwahi kunihamisha kutoka saluni ngumu hadi nyingine laini kwa nia njema, nikapona mgongo nikaanza kutapika. Tulikuja kupata nafuu katika gari la tatu, ambalo halikuwa laini wala gumu, na ambalo kiti chake kilikuwa na msaada wa kiuno unaoweza kusogezwa juu na chini.

Hilo la kiti naona hamkuligusa ninyi wapenda chuma. Kiti ni springi ya mwisho, na viti vya matoleo ya kimichezo vina kingo zilizoinuka ambazo humshika dereva vizuri konani lakini humbana abiria mwenye nyonga pana. Aketi humo kwa nusu saa injini ikiwa imezimwa, kabla ya kujadili springi. Na dereva naye ajitazame, kwani sehemu kubwa ya mtikisiko ninaoujua mimi ilitoka kwenye mguu wa breki.

Msafiri wa Alfajiri:

Nawashukuru nyote. Nimerudi nikainama kama nilivyoelekezwa. Ile iliyotupiga ina rimu za inchi 19 na matairi yenye ubavu ulioimarishwa. Iliyotulia ina za inchi 17 na matairi ya kawaida. Zaidi ya hapo, tulipopima upepo wa ile ya kwanza tulikuta umezidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Mke wangu, baada ya kusoma maneno ya Abiria wa Kudumu, alikaa katika zote mbili, akasema viti vya ile yenye rimu kubwa ndivyo vinavyomfaa, kwa kuwa msaada wake wa kiuno unarekebishika. Kwa hiyo sasa nina gari lenye viti sahihi na magurudumu mabaya. Nikilinunua hilo, naweza kulivisha rimu za inchi 17?

Fundi wa Uvunguni:

Unaweza, mradi uhakikishe mambo machache kabla ya kutoa pesa. Breki za mbele ziwe na nafasi ndani ya rimu ya inchi 17, kwa kuwa baadhi ya matoleo yana diski kubwa zisizoingia humo. Chukua ukubwa ambao kiwanda chenyewe kilikubali kwa gari hilo, wenye uwezo uleule wa kubeba uzito. Na kumbuka kwamba gari lililotoka na matairi ya kutembea bila upepo mara nyingi halina tairi la akiba, hivyo ukiyavua utalazimika kubeba tairi dogo la dharura au walau pampu na dawa ya kuziba. Toleo hilo likiwa na shokapu na springi za kimichezo zilizoteremshwa, rimu ndogo zitapunguza ukali wa nyufa, lakini kwenye mashimo ya upande mmoja bado mtaisikia stabilaiza. Mwombe muuzaji akuazime magurudumu ya ile ya pili kwa mchana mmoja, maana ni ya gari lile lile na yataingia bila kubadili chochote iwapo breki ni sawa. Akikataa, muulize kwa nini, ikiwa tofauti ni ya mwonekano tu.